Chafya ya Dada Zaituni

Wallahi, haya ni kweli tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Najua wanaonifahamu wataguna. Watasema, huyu si Habibu yule dereva mstaafu wa lori la jasi la Makanya, aliyetuambia kwamba twiga wa Mkomazi alimsimamisha barabarani akaomba lifti mpaka Hedaru? Ndiye mimi. Na lile la twiga nakubali nililipamba: hakuomba lifti, alisimama tu akaniangalia, mimi ndiye niliyeelewa hivyo. Lakini hili la dada yangu lina mashahidi, kijiji kizima, na mashahidi wenyewe ni Wapare, watu ambao ukiwaambia jua limechomoza wanakuuliza limechomoza mbele ya nani.

Dada yangu aliitwa Zaituni. Alinizidi umri wa kutosha kunibeba mgongoni na kunichapa siku hiyohiyo. Mpaka anafariki alikuwa mwenyekiti wa ndiva yetu, huku juu mlimani ambako ukipanda bodaboda kutoka Same mjini unafika umesahau ulichokuja kufanya. Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa la mawe na udongo ambalo wazee wetu walilijenga kwenye ubavu wa mlima. Jioni unaziba tundu lake kwa kizibo cha mti, matope na magamba ya mgomba, maji ya kijito yanaingia na kulala humo. Asubuhi unazibua, yanashuka kwa mfereji, shamba hadi shamba, kila mtu na zamu yake. Ndiva ikibomoka wote tunatoka kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na mshahara wala kisingizio. Msaragambo huitwa kwa baragumu, jioni ya kuamkia kazi. Ukisikia mwito na usitokee, unalipa jogoo. Na mwito ukishatoka umetoka. Hata aliyeuita hana uwezo wa kuufuta.

Baragumu letu lilipasuka zamani. Hatukutafuta jingine, kwa sababu tulikuwa na chafya ya dada Zaituni.

Dada alikuwa mtu wa ugoro. Alikuwa na kikopo chake cha bati alichokifunga kwenye pindo la kanga, na jioni ya kuita kazi, akishamaliza kukagua mfereji, alipanda juu ya ukuta wa ndiva, akafungua kikopo, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akanusa. Halafu ilikuja. Ilianza mbali, kama lori linalotafuta gia ya kupandia mlima. Ikanyamaza kidogo, watu majumbani wakashika vikombe vyao. Halafu ikaachia. Parachichi zilizoiva zilidondoka. Ng'ombe wa Anderson aliyekuwa amechelewa kuzaa alizaa, na Anderson mwenyewe ni mzee wa kanisa, muulizeni. Wapo wanaosema treni ilisimama Same stesheni ikidhani imepigiwa king'ora. Hilo sikuliona, nimesimuliwa tu. Ninachojua ni kwamba Waislamu tuliitikia "Yarhamukallah!", Wakristo wakaitikia "Afya!", mlima ukazirudisha salamu zote kwa pamoja, na kila mtu akaenda kutazama jembe lake liko wapi. Kesho kuna msaragambo.

Ugonjwa ulimwanza miguuni. Ilivimba, akasema ni kwa sababu ya kusimama kwenye maji ya mfereji. Halafu akawa hawezi kupanda mpaka ndiva bila kukaa njiani. Nikamshusha Moshi, hospitali, na daktari kijana mwenye sauti ya upole akatuambia moyo umetanuka.

"Si nilikuambia, dada?" nikamwambia tukiwa tunatoka. "Ukali wote ule moyo wa kawaida usingeubeba."

Alicheka mpaka ikabidi tumkalishe kwenye benchi, pumzi imemwishia. Muuguzi akanitolea macho. Dada akamwambia, "Mwache. Huyu ndiyo dawa yangu ya bure, na haisaidii kitu."

Binti yake, Shamsa, alikuwa na genge pale Same sokoni. Akalifunga, akapanda kuja kumuuguza mama yake. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure, akachukua mbegu za tangawizi za mama yake akazipanda kwenye shamba la chini kabisa, lile la mwisho wa mfereji. Mimi nilipita kila asubuhi kunywa chai, na kila asubuhi nilikuta dada ameegemezwa kwenye mito, akiuliza mfereji unasemaje.

Mwaka huo masika ilikuja kwa hasira. Ilishuka na mawe, na ukuta wa ndiva ukapasuka ubavuni, tope likajaa ndani mpaka ungeweza kupanda mihogo. Dada aliposikia, akaomba kikopo. Tangu hospitali alikuwa akikifungua tu, ananusa kwa mbali, anafunga. Jioni ile alichukua kidogo kwa kidole, akavuta. Tukasubiri.

Chafya iliishia kwenye chandarua. Aliyeisikia ni mimi, Shamsa na paka.

Dada akanitazama. Kesho yake nikachukua jembe nikapanda kwenye ndiva, nikasimama pale mpaka jua likawa kali. Mwito ulikuwa umetoka, na mimi nilikuwa nimeusikia. Shamsa hakuweza kumwacha mgonjwa. Paka hakuja.

Alifariki wiki ileile, mchana, akiwa anamwelekeza Shamsa jinsi ya kukoroga uji. Tukamzika kabla ya jua kuzama, na watu walijaa mpaka kwenye migomba, wa juu na wa chini, maana kwetu kuna wa juu wanaokaa karibu na chemchemi na wa chini wanaokaa mwisho wa mfereji, na dada pekee ndiye aliyewahi kuwafanya wakae mkeka mmoja.

Sasa nisikilizeni. Watu husema aliyekufa amekwenda. Dada yangu hakwenda. Asubuhi nilipoingia kwake kunywa chai nilitaka kukaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, kwa sababu kilikuwa kitupu na miguu yangu si ya ujana, na kabla sijakigusa nikajikuta nimesimama wima.

"Mjomba, mbona hukai?" Shamsa akaniuliza.

"Mama yako hajanikaribisha."

Shamsa akaanza kulia, halafu katikati ya kulia akacheka, halafu akanisogezea kiti cha plastiki. Tangu siku hiyo kwenye kigoda kile hakukaa mtu. Nilipopita kwenye mfereji na kuona jani limeziba maji, mkono wangu uliinama wenyewe kulitoa, mkono wangu huu ambao haujawahi kuinama bila kuambiwa. Nilikuwa naambiwa. Sikusikia sauti, lakini unajua mtu akiwa nyuma yako.

Kiangazi kikaingia. Kijito kilikuwa na maji, ila bila ndiva maji yale yalikuwa yanalowesha mashamba ya juu tu na kunywewa njiani. Kule chini majani ya tangawizi ya Shamsa yakaanza kujikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Nilimkuta siku moja amechuchumaa kwenye tuta, ameshika jani.

"Mjomba, hii ikifa mimi narudi Same," akasema. "Sitasubiri. Nimeshamwangalia mama akiishia mikononi mwangu, siwezi kukaa hapa kuangalia na mbegu zake."

"Haitakufa."

"Nani ataijenga ndiva? Wewe na nani?"

Nilitaka kutaja paka, lakini haikuwa siku ya paka.

Basi ikafika arobaini. Tukasoma dua, watu wakala pilau uani kwa dada, na kwa kuwa kikundi kizima cha ndiva kilikuwa pale, wakaamua kufanya na mkutano kabisa. Anderson, makamu mwenyekiti, akasimama. Anakaa juu, karibu na chemchemi. Ni mtu mzuri, ila akisimama anaongea kama anasoma tangazo.

"Ndugu zangu, ndiva imejaa tope. Mama Shamsa, Mungu amlaze pema, alikuwa na nguvu zake, hayupo tena. Mimi naona ile ndiva tuiache. Tupande majani ya ng'ombe mle ndani, udongo ni mzuri. Tukubaliane leo, na tuchague mwenyekiti mwingine wa kusimamia hayo majani."

"Na sisi wa chini?" akauliza Swalehe, jirani wa shamba la Shamsa.

"Nanyi chimbeni visima."

"Kwa kijiko?"

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Shamsa alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Niliona anaangalia begi lake lililokuwa juu ya kabati, na nikajua akili imeshapanda bodaboda.

Nikaomba udhuru, nikasema nakwenda chooni. Nikapita chumbani kwa dada, nikachukua kikopo cha ugoro kilichokuwa dirishani, nikakata kwenye migomba nikapanda mpaka ndiva, si mbali, sauti za mkutano nilikuwa bado nazisikia. Nikashuka ndani. Tope lilikuwa limekauka na kupasukapasuka. Mle ndani, kwa sababu ya zile kuta za mawe, hata ukikohoa unasikika kama wazee wanne wamekohoa.

Niliketi nikajiona mjinga. Mtu mzima, kanzu nyeupe, ndani ya ndiva kavu, na kikopo cha ugoro ambao sijawahi kuugusa maishani, mimi ni mtu wa kahawa. Tena mimi chafya yangu ni ndogo, kama kuku aliyekanyagwa mguu. Nilikuwa karibu kuinuka nirudi. Nikafungua kikopo tu nione kama kuna kitu.

Dada mzima akatoka mle. Sijui niseme vipi. Moshi wa jiko lake, kanga yake iliyoanikwa kwenye majani ya kahawa, mafuta yake ya nazi, asubuhi zake zote za mfereji, na lile jasho la mgongo wake nilipokuwa mdogo nimebebwa nikiwa na homa. Vyote vilikuwa vimefungiwa kwenye bati. Nikalia. Nililia jinsi ambavyo sikulia mazishini, kwa sababu mazishini nilikuwa nachekesha watu. Na nikiwa nalia, kikopo kikianza kuinama, nikasikia kabisa, siyo kwa sikio lakini nikasikia: "Habibu, usimwage."

Nikataka kuchukua kidogo kwa ncha ya kidole kama yeye. Lakini pua ilikuwa imejaa machozi, nikavuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayelia avutavyo, na nusu ya kikopo ikaingia.

Ilianza mbali, kama lori linalotafuta gia. Ikanyamaza. Nikaona nyota mchana. Halafu ikaachia, na nasema mbele ya Mungu, ile haikuwa chafya yangu. Pua ilikuwa yangu, chafya ilikuwa yake. Ilikuwa na kile kipande cha kwanza cha chini, na ule mkato wa katikati, na ule mkia wa juu aliourithi kwa bibi yetu. Kuta za ndiva zikaishika, zikaikuza, zikairusha bondeni. Kunguru wote wa mlima wakaruka. Kule tambarare, nadhani hata ng'ombe wa Wamasai waliinua vichwa.

Na kutoka uani kwa dada, bila kuchelewa, bila mtu kufikiri, kijiji kizima kikaitikia.

"Yarhamukallah!"

"Afya!"

Halafu kimya. Kimya ambacho sijawahi kukisikia mlimani kwetu, maana kila mtu alikuwa ndiyo kwanza anaelewa ameitikia nani.

Nikaogopa mwenyewe. Nikapangusa uso, nikashuka mbiombio kupitia migomba, nikaingia uani nikiwa nashusha kanzu kama mtu aliyetoka chooni. Nikakuta watu wote wamesimama. Miguu ilikuwa imesimama kabla ya akili. Wengine walikuwa wameshika sahani, na Swalehe alikuwa ameshika jembe, sijui alilitoa wapi. Shamsa sinia limemponyoka, mikono iko mdomoni.

"Mmesikia?" nikauliza.

"Wewe ulikuwa wapi?" akauliza Anderson.

"Chooni. Nimesikia mpaka choo kimetikisika."

Anderson akafuta jasho. "Jamani, tutulie. Hata kama, nasema hata kama, marehemu hawezi kuita msaragambo."

"Kwa nini asiweze?" akauliza Swalehe.

"Kwa sababu amekufa!"

Hapo akasimama dada Honorata. Huyu alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu na mpinzani wake mkubwa, mwanamke wa huko juu, Mlutheri, aliyewahi kukaa baraza la kata miaka na miaka mpaka akawa hawezi kununua nyanya bila kuita shahidi. Akajifunga kanga vizuri.

"Anderson, kufa siyo kujiuzulu. Katiba yetu inasema mwenyekiti anaondoka kwa barua yake mwenyewe au kwa kura. Amekuandikia?"

"Hajaniandikia."

"Tumepiga kura?"

"Ndiyo tulikuwa tunataka…"

"Mlikuwa mnataka. Hamjapiga. Basi mpaka dakika hii mwenyekiti ni Zaituni. Swali la pili. Ulipoisikia ile chafya ulisema nini?"

Anderson akanong'ona.

"Sema mkutano usikie."

"Nilisema afya."

"Ulimtakia nani afya?"

Anderson akatazama chini, akatazama mlima, akatazama wa juu wenzake, hakuna aliyemsaidia. "Nilimtakia mama Shamsa," akasema.

"Kwa hiyo umemtambua. Mwito umetoka, na umetoka kwa mwenye mamlaka. Kesho asubuhi. Asiyekuja, jogoo."

Akaketi akaendelea na pilau yake. Na Anderson, ambaye ana jogoo mmoja wa kisasa anayemwogesha kwa sabuni, akauliza kwa sauti ya chini kama aje na sururu au koleo.

Asubuhi ile sitaisahau. Ukungu haujainuka, na mlima wote ukalia vyuma. Wa juu walishuka, wa chini wakapanda, wanawake na mabeseni, wanaume na sururu, na wale vijana ambao huwa hawainui vichwa kwenye simu zao wamebeba mawe. Tope likaanza kutoka. Chini ya tope tukamkuta chura mkubwa aliyetutazama kama bwana shamba tuliyemwamsha. Tulimhamisha kwa heshima, watu wawili. Anderson aliingia kwenye lile pengo la ukuta akavua shati, na ikaonekana hakuna mtu mlima huu anayejua kupanga jiwe kama yeye. Alikuwa akilikataa jiwe, analitazama, analigeuza, linakaa kama limezaliwa pale.

Ila nataka kusema kuhusu dada. Alikuwepo. Siyo mimi niliyemwona, mimi mniache. Kulikuwa na mama mmoja wa huko chini aliyekuwa anasiliba udongo ukutani. Akapiga kofi la haraka haraka, akaondoka, akafika hatua chache akageuka, akarudi, akabandua ule udongo akaanza upya.

"Nani kakusema?" wenzake wakamuuliza.

"Nimesemwa," akajibu.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa amesemwa kwa namna yake. Watu walifanya kazi huku mabega yamekaa vizuri, kama watu ambao mkaguzi yuko juu ya ukuta, na ukipita ile sehemu ya ukuta aliyozoea kusimama, bila kuambiana, ulipita pembeni.

Jioni tukaziba. Maji yakaingia, mekundu kwanza, halafu meupe. Tulikwenda kulala na kesho yake, kabla hata chai, watu walikuwa wameshajaa ukingoni. Ndiva ilikuwa imejaa! Imejaa mpaka mdomoni, mbingu iko ndani yake, na ukuta wa Anderson hautoi hata jasho. Shamsa ndiye aliyepewa mti wa kuzibulia. Akasukuma mara ya kwanza, kizibo hakikutoka. Akasukuma tena na sisi wote tukiguna naye. Kikatoka.

Jamani, maji yalipiga kelele. Yakaingia mfereji, na sisi tukakimbia nayo. Mimi na goti langu bovu, nawaambieni nilimpita Swalehe. Mfereji ulikuwa na kiu, ulikuwa unayanywa, yanapungua, tunapiga yowe kuyatia moyo kama farasi, yanazidi tena. Yakapita mashamba ya juu na watu wa juu wenyewe wakazuia milango ya mashamba yao kwa miguu yao ili yasikatike njiani. Anderson alikaa kitako kwenye mlango wa shamba lake na suruali yake ya kanisani. "Pita!" alikuwa anayaambia maji. "Pita, nenda kwa Shamsa!"

Yakafika. Yakaingia kwenye tuta la kwanza la tangawizi polepole, kama mgeni anayevua viatu, yakaenda la pili, la tatu, na ardhi ikatoa ile harufu. Shamsa akakaa katikati ya maji na gauni lake lote.

"Mama," akasema, "yamefika."

Nikapiga yowe la ushindi. Wote tukapiga. Nimeendesha lori maisha yangu yote, nimeona mengi, lakini sijawahi kufika mahali kama maji yale yalivyofika.

Na hapohapo, watu wakiwa bado wanakumbatiana na matope, dada Honorata akasafisha koo.

"Kabla hatujatawanyika, kuna kesi."

"Kesi ya nini leo, mama?" akauliza Anderson.

"Mshtakiwa ni Habibu. Asogee mbele."

Nikasogea. Shamsa akainuka kutoka majini.

"Shtaka," akasema Honorata, "ni kupiga chafya ya marehemu bila idhini, na kuita msaragambo akiwa hana cheo. Unakubali au unakataa?"

"Nakataa! Nilikuwa chooni."

"Choo cha Zaituni kiko upande gani wa nyumba?"

"Wa chini."

"Wewe ulirudi ukitokea upande gani?"

"Wa juu," akasema Swalehe, ambaye nilidhani ni rafiki yangu.

"Na kanzu yako, Habibu, nyeupe, ya arobaini, ilikuwa na nini kifuani?"

Nikajishika kifua. Watu wote wakaitazama kanzu ile vichwani mwao, na nikaona wanauona ugoro, kifua kizima, kama nimemwagiwa kahawa.

"Haya," nikasema. "Pua ilikuwa yangu. Lakini naapa, chafya haikuwa yangu. Mnaijua chafya yangu. Shamsa, si unaijua chafya yangu?"

"Naijua, mjomba," akasema Shamsa. "Ni ndogo."

"Umeona!"

"Mahakama haihukumu chafya," akasema Honorata. "Inahukumu pua."

Watu wakacheka mpaka wengine wakaangukia kwenye mfereji. Anderson ndiye hakucheka. "Mama Honorata," akasema, "ina maana ulijua tangu siku ile? Na ukanihoji vile mbele za watu?"

"Nilijua kabla yeye hajatoka uani." Sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini. "Nilikwenda kumwona Zaituni siku zake za mwisho. Akaniambia, Honorata, nikifa watasusa ndiva yangu. Na Habibu atafanya upuuzi. Usimzuie. Acha upuuzi wake ufanye kazi mpaka maji yafike chini kwa mwanangu. Yakishafika, mtoze."

Nikakaa chini kwenye tuta. Alikuwa amenijua hivyo. Amelala kwenye mito, pumzi haitoshi hata kuzima kibatari, na ameshaona mpaka jinsi nitakavyokimbia na kikopo kwenye migomba. Nikacheka huku nalia, Shamsa akaja akaniegemea, ameloa, akanilowesha na mimi.

"Faini," akasema Honorata. "Makande ya kushibisha kila aliyeshika jembe. Uyapike mwenyewe, usimtume Shamsa. Na kwa kuwa unajua njia ya kwenda ndiva, utakuwa unaiziba kila jioni mpaka tangawizi hii ivunwe."

"Nakata rufaa!"

"Kwa nani?"

"Kwa mwenyekiti."

"Mwenyekiti ndiye aliyehukumu."

Basi kesho yake nikawa kwenye ukingo wa ndiva na sufuria la kuazima ambalo ungeweza kuogeshea ndama, mahindi na maharage yanatokota, moshi unanifuata kila ninakohamia, na watu wamekaa kwenye majani na bakuli zao wakinitolea maagizo ya bure. Shamsa alikuwa chini shambani anapalilia, na alikuwa ameshamwambia Swalehe genge la Same atampa mtu mwingine. Honorata akaja, akachota kidogo, akapuliza, akatafuna kwa muda mrefu.

"Maharage hayajaiva," akasema. "Ongeza kuni."

Nikaenda kutafuta kuni.